Barua ya Mazishi ya Mlinzi

Jumuiya yetu ndogo ya Kikatoliki hapa Kipawa husali kila Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wiki hii nyumba hii, wiki ijayo nyumba ile. Kwa miaka sita nilikuwa katibu wake. Shule niliishia darasa la saba. Mengine nimejifunza mwenyewe kwa kusoma nikitoka kazini, na sifichi kwamba kazi ile niliipenda. Daftari la mahudhurio nililipiga mistari kwa rula, safu tatu: yupo, hayupo, udhuru.

Daftari lile lilikuwa na nguvu. Anayetaka kubatiza mtoto, kufunga ndoa au kuzika, parokia humtaka alete barua ya jumuiya inayosema kama ni mshiriki. Barua hizo niliziandika mimi.

Jirani yetu mmoja alikuwa mlinzi kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege. Zamu yake ya usiku iliisha saa kumi na mbili, lakini wa kumpokea alichelewa karibu kila siku, hivyo alitufikia tukiwa tunakunja mikeka. Siku moja alisimama mlangoni na sare yake, akasema, "Tumsifu Yesu Kristo," kisha akanigeukia.

"Katibu, leo niandike hata nusu."

"Hakuna safu ya nusu."

"Basi niweke udhuru, bosi wangu. Si unajua niko lindo?"

"Udhuru unatolewa kikaoni, kabla ya sala."

"Sasa kabla ya sala mie si ndiyo niko lindo?"

Watu walicheka, naye akacheka. Mimi niliandika hayupo.

Alifariki siku ya Alhamisi, ghafla, kwa presha. Mchana ule mke wake alikuja kwangu na shemeji yake kuomba barua. Alikaa ukingoni mwa kiti.

"Kaka katibu, andika tu kwamba alikuwa mwenzenu."

Nilifungua daftari nikahesabu. Mwaka mzima alikuwapo mara nne. Niliandika kwamba marehemu aliishi katika eneo la jumuiya yetu, ila hakuwa mshiriki hai. Nilianza sentensi ya kueleza kazi yake ya usiku, nikaikata, kwa sababu udhuru huo haukuwahi kupokelewa kikaoni. Mwenyekiti wa jumuiya alisaini bila kusoma. "Maandishi unayajua wewe," alisema.

Kwa barua ile, mwili haukupitishwa kanisani. Hakuja padri wala kwaya. Katekista alisali uani kwa dakika chache, akaondoka. Mjane aliendelea kutazama barabarani, akimngoja padri, mpaka jeneza likanyanyuliwa. Waliolibeba wengi walikuwa majirani Waislamu, akiwemo mzee mwenye duka la jirani, mtu mwenye asili ya Uarabuni aliyezaliwa mtaa huu huu. Tuliporudi kutoka makaburini nilipita dukani kwake, nikamwamkia.

"Marahaba. Hebu nieleze, bwana katibu. Kwenu nyie maiti anaulizwa Jumamosi alikuwa wapi?"

"Ni utaratibu, mzee."

"Aa. Mie nilidhani hayo anayauliza Mungu. Kumbe kaweka karani."

Mama mmoja aliyekuwa akinunua sukari aliangua kicheko.

Nilipitia daftari lote nikitafuta kosa. Halikuwapo, na hilo ndilo lililonitisha. Somo la Jumamosi iliyofuata lilikuwa la yule mwanasheria aliyemuuliza Yesu afanye nini aurithi uzima wa milele, akarudishiwa swali, naye akaitaja sheria vizuri bila kukosea. Msomaji nilikuwa mimi. Nilipofika pale Yesu anapomwambia amejibu vizuri, niliurudia mstari ule. Kumtendea mwenzako kama unavyotaka kutendewa ni jambo ambalo ningeweza kulifundisha. Lakini kama ningekuwa mimi ndani ya lile jeneza, ningetaka mtu aiandike ile sentensi niliyoikata.

Niliandika barua nyingine yenye sentensi hiyo, nikampelekea mjane kwanza. Alikuwa anafua. Mikono ilikuwa na povu, hivyo nikamsomea.

"Kumbe ulikuwa unajua yuko kazini," alisema.

"Nilijua, dada."

"Mpelekee paroko kama unataka. Ila mie sina mwingine wa kuzika."

Binti yake alitoka ndani, akaniamkia kwa adabu. Nilimwitikia marahaba, nikaikunja barua.

Paroko aliisoma barua mara mbili. Alikubali kumwombea marehemu katika misa ya Jumapili, kisha aende kubariki kaburi. Halafu akaniuliza kwa upole, "Na haya, mbona hukuyaandika siku ile?"

Jibu la kwanza kunijia lilikuwa kwamba parokia haikuyauliza. Nililimeza, nikasema nimekosa. Lakini ndilo lililotangulia, kabla ya toba, na tangu siku hiyo ndilo ninaloliogopa.