Mkono wa Kushoto wa Wakonyo

Wakonyo alianza kujifunza kurusha mpira wa softiboli akiwa na miaka arobaini na saba, na alijifunza kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulivunjwa na mumewe, Ngatia, mwaka ambao mwana wao wa pekee, Kim, alianza shule. Mfupa uliungana vibaya, kiwiko hakikunyooka tena. Tangu hapo kila kazi aliifanya kwa kushoto, hata kukoroga githeri ya mahindi na maharagwe katika jiko la shule ya wasichana kule Gatitu, alikokuwa mpishi.

Ngatia hakumpiga tena baada ya kupatwa na kiharusi. Hakuweza. Upande mmoja wa mwili ulikufa, maneno yakawa yanamtoka nusu nusu, na kwa miaka minne Wakonyo ndiye aliyemlisha, akamgeuza na kumwosha katika chumba chao cha kupanga mtaani Majengo. Watu wa kanisani walimsifu kwa moyo wake. Yeye mwenyewe hakujua kama ni moyo au ni mazoea tu.

Jumamosi moja Mwalimu Kinya, binti wa Meru aliyefundisha michezo, alikuwa akizoeza timu ya wanawake wa mjini kwenye uwanja wa shule. Mpira ukabingirika hadi mlango wa jikoni. Wakonyo akauokota, akaurudisha kwa chini, mkono ukipita kando ya paja, kama alivyozoea kurusha kuni karibu na meko. Ulikwenda moja kwa moja mpaka kifuani pa Kinya.

"Ni nani alikufunza kurusha hivyo?"

"Hakuna mtu. Hii mkono ingine hainyooki."

Kinya akauangalia mkono ule, asiulize zaidi. Alimweleza tu kwamba katika mchezo huu mrushaji anauzungusha mkono duara zima na kuuachia mpira karibu na nyonga, na kwamba wanaotumia kushoto huwasumbua wapigaji. Akamwambia aje Jumamosi ijayo na viatu vya raba.

Ilimchukua miezi kujua wakati wa kuachia. Akiachia mapema mpira ulichimba udongo, akichelewa ulipaa juu ya kichwa cha mdakaji. Mkono ulimgonga nyongani mpaka ngozi ikavilia damu, ikabaki na alama nyeusi. Siku alipoziona alama hizo akioga, alikaa juu ya ndoo akazitazama. Ilikuwa miaka kadhaa hajaona alama kama hizo mwilini mwake, na hizi alijitia mwenyewe.

Nyumbani hakusema kitu. Kila Jumamosi alimlisha Ngatia, akamzungushia mito, akamwambia anakwenda kazini. Alijua mgonjwa wa namna ile haachwi peke yake. Alikwenda.

Mwezi wa nane walicheza Naro Moru na timu ya kutoka Nanyuki. Wakonyo aliingizwa katikati ya mchezo. Wapigaji watatu wa kwanza aliwarushia ovyo, wakapewa besi ya kwanza, kituo cha kwanza cha uwanja, bila hata kupiga. Wa nne, msichana mrefu mwenye dharau usoni, alipunga gongo mara tatu bila kugusa kitu, akatolewa. Wenzake wakamkimbilia. Wakonyo alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Gari lilichelewa kurudi. Alipofungua mlango, Ngatia alikuwa sakafuni kati ya kitanda na ukuta, amelowa, shavu kwenye saruji, macho wazi yakimtazama.

Mapafu yake yalijaa maji. Alikaa hospitali siku tisa, akafa.

Kwenye matanga, Njoki, dadake Ngatia, aliyekuwa amesikia habari za Naro Moru, alisema mbele ya watu wote, bila kupaza sauti: "Mama Kim, si ungetuambia mpira ndiyo muhimu? Tungekuja kumchukua ndugu yetu."

Wakonyo alimtazama Kim, ambaye akiwa mtoto alisimama kwenye kona ya chumba mkono wa mamake ukivunjwa. Kim akainama, akaanza kufunga kamba za viatu.

Baada ya mazishi Kinya alikuja na mkate na sukari. Alimwambia lawama zile si zake, kwamba hata muuguzi hupumzika. Wakonyo alimwacha amalize.

"Mwalimu, nilipomwona hapo chini sikukimbia kumwinua. Nilisimama kwa mlango nikamwangalia."

"Kwa muda gani?"

"Mrefu. Chai ya jirani ilipikwa ikaiva, nikiisikia harufu."

Kinya alishika kikombe chake kwa mikono miwili. Alipoondoka, alisema tu mazoezi ni saa nne, kama kawaida.

Wakonyo alirudi uwanjani baada ya miezi miwili, na anarusha hadi leo. Wapigaji wa Nanyuki wanamwogopa. Njoki hamsalimii kanisani, na Kim hupiga simu Krismasi tu. Mchezo ukiisha, timu ikishinda au ikishindwa, wenzake hubaki kunywa soda chini ya miti. Yeye hubadilisha viatu haraka na kushika njia ya nyumbani, ingawa hakuna mtu wa kulisha.