Nyumba ya Watiri Sakafuni

Nduku alikuwa akija na likizo. Chuo cha ualimu pale Nyeri kikifungwa mwezi wa nane, aliajiriwa kwa wiki chache katika maktaba ndogo ya chuo, awasaidie wanafunzi waliobaki kutafuta vitabu na kupanga insha zao. Mimi, Tryphosa, nilikuwa mfagiaji. Kazi yangu ilikuwa kuondoa matope ya watu waliosoma sana lakini hawajui kupangusa viatu.

Mwaka wa hamsini na tano, Hali ya Hatari ya serikali ya kikoloni ikiwa imepamba moto, wengi hawakwenda kwao kabisa. Mgikuyu hakusafiri bila pasi, na pasi yenyewe aliisikia tu kwa wenzake. Ndiyo sababu mwanafunzi mmoja, Wangechi, alibaki. Alikuwa akiandika insha juu ya boma la zamani, na boma alilotaka kulieleza lilikuwa la Watiri, nyanya yake aliyemlea. Lilikuwa limechomwa na askari mwaka uliotangulia, na Watiri akahamishiwa kijiji kipya chenye mtaro na walinzi, upande wa Tetu.

Nduku alimshushia kila kitabu chenye picha ya boma. Wangechi alivitazama kimoja kimoja, akavisukuma kando.

"Hii si yetu, Mama. Na mimi hata sikumbuki kama ghala ilikuwa kushoto ama kulia. Nikifunga macho naona moshi tu."

Kisha akalia pale pale mezani, wala hakujificha uso.

"Basi nitaenda kumuuliza mwenyewe," Nduku akasema. "Kama maneno haiko kwa kitabu, iko kwa mtu."

Yeye alikuwa Mkamba, tena mke wa polisi, kwa hiyo walinzi wa kijiji walimpitisha. Alikwenda Jumamosi, na Jumatatu akatusimulia. Kikamba na Kigikuyu husikilizana nusu nusu, basi Watiri hakupoteza muda kueleza. Aliokota mawe akayapanga mavumbini, nje ya kibanda alichopewa: hapa ukuta, hapa kitanda, hapa mbuzi. Nduku aliposogea aone vizuri, bibi akamkaripia.

"Ati nitoke hapo haraka, nimesimama kwa moto!" Nduku akatuambia.

Wangechi alicheka, halafu akauliza:

"Moto ilikuwa wapi, Mama?"

Nduku alianza kuteremsha vitabu rafuni, vile vinene, akavilaza kwenye sakafu yangu niliyotoka kuipiga deki. Nilifungua mdomo nilalamike, lakini nilipouona uso wa yule msichana nikaufunga. Ukuta ulizunguka, ukaacha nafasi ya mlango. Ndani Nduku aliweka kamusi tatu ziwe mafiga. Nje akajenga ghala.

"Kumbe ni kulia," Wangechi akasema polepole.

Akavua viatu. Hapakuwa na mlango wala paa, na kuta zenyewe zilimfikia kwenye vifundo vya miguu. Lakini alipofika penye ile nafasi aliinama, akaingia. Akaketi karibu na zile kamusi, miguu ameikunja, mahali pake pa utotoni, akaanza kuandika juu ya goti. Mimi nikakumbuka jiko la mama yangu kule Maragoli, nikapatamani nyumbani.

Tulifunga mapema siku hizo kwa sababu ya kafyu, marufuku ya kutembea usiku. Nduku alipoinama kuchukua kitabu cha kwanza, Wangechi alimshika mkono.

"Naomba usibomoe leo. Wacha hata kesho tu."

Nduku hakuwahi kuacha kitabu nje ya rafu tangu nimjue. Alikitazama kile kitabu, akakirudisha ukutani, akachukua funguo.

Asubuhi nilifika kabla yao na ufagio wangu. Nilifagia chumba chote, nikaizunguka nyumba, nikalizunguka ghala. Kisha nikavua viatu mlangoni, nikainama, nikaingia kufagia ndani, nikiangalia nisikanyage moto.