Risala ya Mama Iliyolambwa na Redio

Enzi zetu pale Kizota, ile miaka redio kaseti zilipoanza kumiminika madukani, kitu cha thamani hakikuwekwa kabatini. Kiliwekwa juu ya redio, kikafunikwa kitambaa cha kufuma. Mtoto aliyegusa pale alichapwa mpaka majirani wakalia.

Mama alikuwa katibu wa kikundi cha akina mama wa mtaa, na risala yao kwa mgeni rasmi ilikuwa ya kuomba pampu ya kisima. Sisi watoto ndio tuliokuwa tukivuta maji kwa kamba kabla ya shule. Steshenari wakaiandika kwenye kompyuta, lakini printa yao ilikuwa mbovu, basi wakampa disketi yenye risala akaichapishe kwingine. Mama akaiweka mahali pa heshima, juu ya redio, na redio ikaimba kutwa nzima. Ile aliyoiandika kwa mkono akawashia jiko.

"Ya nini tena? Si imeingia kwenye kompyuta?"

Asubuhi ya sherehe tukaipeleka kwa fundi mmoja mwenye printa. Kompyuta ikakoroma, ikagoma.

"Mama, hii uliiweka wapi?"

"Pazuri tu, mwanangu. Juu ya redio."

Fundi akashika kichwa. "Mama yangu! Spika ina sumaku. Imeyalamba maneno!"

Akatoa disketi nyingine, yenye programu ya kufufua mafaili yaliyoharibika. Tukavua viatu mlangoni, tukakaa sakafuni kama tuko kwenye kibanda cha video. Mstari wa bluu ukatambaa kwenye kioo. Kinyonga angeupita mara mbili na kurudi kuusalimia. Kila disketi ilipokwaruza, mama alisoma dua. Mwishowe karatasi ikatoka. Salamu zote zimo: mheshimiwa mgeni rasmi, wazee wetu, wageni waalikwa. Shukrani nazo zimo. Katikati, penye pampu, visanduku vitupu na alama za kuuliza.

"Imefufua ilichoweza, mama," fundi akasema kwa huruma.

Uwanjani mama alisoma vizuri mpaka akafika kwenye visanduku. Nikajua tumekwisha. Akaikunja karatasi.

"Mheshimiwa, kuanzia hapa kompyuta imesahau, ila mimi nakumbuka. Wanangu, onyesheni viganja."

Tukanyoosha mikono, watoto wa mtaa mzima. Viganja vyetu ungeweza kusugulia masufuria.

"Hiyo ndiyo kamba ya kisima. Tunaomba pampu."

Mgeni rasmi alishuka jukwaani, akashika kiganja changu, akakitazama muda mrefu. Pampu ilifika kabla ya mvua.

Vijana wa leo risala wanasoma kwenye simu, kidole kinateleza, na faili lao hata nyumba ikiungua lipo. Sina ugomvi nao. Wanangu ni hao hao. Ila nikikaa kwenye kiti cha plastiki nikimsikiliza msomaji asiyeinua macho hata mara moja, namwombea kimoyomoyo ukurasa mmoja tu umharibikie.