Kata ya Dada Filomena

Ninyi mtakaosoma haya mkiwa bado na meno yote, kaeni vizuri, sitasema mara mbili. Mimi niliishia darasa la nne. Kwa nini niliishia hapo ndiyo habari yenyewe.

Juzi mjukuu wangu alirudi kisimani, akaivua khanga aliyoisokota kichwani chini ya ndoo, akaitupa kwenye kiti karibu nami. Harufu ikanipiga: khanga mbichi, jasho la nywele, vumbi lililolowa. Papo hapo nikawa mtoto tena, Nachingwea, mwaka ule wenzetu wa Msumbiji walipopata uhuru wao.

Nyumba yetu ilikuwa kando ya njia ya kwenda kwenye kambi ya wapiganaji wao. Mama alikuwa na kinu kikubwa, na kinu hicho ndicho kilichomleta Dada Filomena kwetu. Alikuwa Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, mrefu, ana chale usoni na sauti nene kama ya mwanamume mwenye mafua. Alivaa viatu vya jeshi visivyo na kamba. Akija kutwanga makopa ya muhogo na Mama, alitwanga na maneno. Mchi ukipanda, neno, ukishuka, neno. Ndivyo alivyotunga mashairi, maana kuandika ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kambini. Mimi nilikaa mkekani napepeta unga, nikayashika yote bila kuambiwa. Moja ni hili:

*Risasi uliyopiga, ilipita utosini,*
*Nikaivusha Ruvuma, na mtoto mgongoni;*
*Leo uhuru wagawa, waniita wa jikoni;*
*Nipe kata nijitwike, bado tuko safarini.*

Hapo mwisho ndipo nilipopotea. Kwetu kitambaa cha kusokota na kuweka kichwani chini ya mzigo tulikiita ngata. Kata kwetu ilikuwa kifuu chenye mpini, cha kuchotea maji. Dada Filomena yeye ngata aliiita kata. Mimi nikajua maskini ana kiu, anaomba kifuu achote maji, ajaze ndoo, aende zake kupumzika. Nikamhurumia kweli.

Siku za kuondoka zikafika. Malori yangewarudisha kwao, na mji ukaandaa sherehe ya kuwaaga uwanjani. Msimamizi alikuwa Mjomba Chande, kaka yake Mama. Wanaojua desturi zetu wanajua mjomba ni nani: mtoto aolewe, asiolewe, asome, asisome, neno ni lake. Dada Filomena akaomba shairi lake nilisome mimi, kwa kuwa yeye angekuwa kwenye gwaride. Mjomba akanisikiliza uani huku ananyoa ndevu.

"Zuri," akasema. "Ila huo mstari wa jikoni uruke. Wageni wakubwa watakuwepo. Tuwaalike halafu tuwatukane?"

"Hajatukanwa mtu, kaka," Dada Filomena akasema. "Nimetaja ninachoitwa. Wewe mwenyewe jana uliniuliza wali wa sherehe utaiva saa ngapi."

"Sasa nisiulize? Nisile?"

"Ule, kaka. Lakini risasi mbona hukuuliza zilifikaje?"

Mjomba akacheka, kisha akaninyooshea wembe. "Wewe mtoto, ukiutaja mstari huo, shule basi. Utakwenda kwa bibi yako Matambarale ukafukuze nyani."

Mama alikuwa anachochea moto. Mbele ya kaka yake hakuwahi kusema kitu. Dada Filomena akachuchumaa mbele yangu. "Mwanangu," akasema, "mstari ni wangu, lakini shule ni yako. Ukiuruka sitakununia."

Nilipenda shule. Nilipenda hata harufu ya chaki. Lakini nilimwona mwenzangu amebeba mtoto na risasi na mto mzima wa Ruvuma, mimi nishindwe kubeba mstari mmoja?

Siku hiyo nilipanda jukwaani na kata nimeificha ndani ya gauni. Nikasema mstari wa kwanza na wa pili. Mjomba akanikazia macho. Nikasema wa tatu, tena kwa sauti. Nikasikia hadi mafuta yanayochemka kwenye masufuria. Nikasema wa nne, nikachomoa kifuu changu nikakiinua juu.

Watu walicheka hadi wakashikana. "Mpeni maji huyo!" mmoja akapaza sauti. "Mjomba wake kamnyima!"

Mama akatoka kwenye masufuria, mikono imejaa unga. Akapanda jukwaani mbele ya wale wakubwa wote, akafungua khanga yake ya kichwani, akaisokota, akaniwekea utosini.

"Kata ni hii," akasema. "Rudia."

Nikarudia, mistari yote minne. Safari hii hakucheka mtu. Wanawake wa jikoni waligonga masufuria kwa miko hadi wageni wakasimama. Dada Filomena kwenye gwaride hakugeuka, askari hageuki, lakini kidevu chake kilicheza.

Mjomba alitimiza neno lake. Nilikwenda Matambarale nikafukuza nyani, na shairi nikawafundisha wanawake niliolima nao. Miaka ya themanini, nimeshaolewa kijijini Likunja, mikorosho tuliyopanda sisi wake ilipotaka kuandikwa kwa majina ya waume peke yao, tulikwenda mkutanoni na ngata vichwani, bila mzigo. Tukaanza na jina la Filomena, tukasema mistari yake minne, tukakaa chini, tukangoja. Hatukuinuka mpaka majina yetu yalipoingia.

Nilikuwa mtu mzima siku hiyo, na ndipo nilipomwelewa. Yule mwanamke hakuwa na kiu. Alikuwa amekwisha kutua mzigo mmoja, anadai ngata ili abebe mwingine.

Basi juzi nikaiokota ile khanga kitini, nikawaita wote, wake kwa waume, nikawaamuru: katika nyumba hii shairi lile likisemwa, jina la Filomena litangulie na mistari iwe minne. Atakayeuruka wa tatu, achukue ngata hii na ndoo, akachote maji ya kaya nzima, na akirudi alisome upya.