Ukinoa, Rudi

Wembe wangu wa kwanza niliununua Chake Chake, dukani kwa Mhindi mmoja muuza vyuma, miaka miwili mitatu kabla ya Mapinduzi. Nasema wembe, si hivi vijiwembe vya kutupa. Nasema wembe wa kukunja, unaolala ndani ya mpini wake, ambao ukiutunza unakuzika. Wangu ninao mpaka leo. Umelika kwa kunolewa hata umekuwa mwembamba kama jani la mchaichai, lakini ndio ulioijenga nyumba hii ya mawe ninayokaa, na ndio uliowasomesha wanangu.

Mimi mwenyewe sikusoma. Chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, nilifika juzuu ya tatu nikatolewa nikachunge ng'ombe, na skuli niliiona kwa nje. Nilipokuwa kijana nikachuma karafuu kama kila mtu kwetu Wingwi, na kazi ile sikuiweza. Si uvivu. Nilikuwa naogopa juu. Nikifika tawi la tatu naukumbatia mti kama mtoto na mama yake. Leo nalisema bila haya. Wakati ule mtu angelisema tungepigana. Wenzangu walikuwa washaanza kutazamana nikikaribia mti, na msimu mwingine ulikuwa unakuja. Nilitaka kazi ya chini.

Chake Chake palikuwa na mzee mmoja kinyozi, akikaa barazani kwa fundi cherehani, na kiti kimoja na kioo kimoja chenye ufa. Nikamwendea anifunze. Alinitazama mikono kwanza, uso baadaye.

"Una wembe?"

"Sina, mzee. Nilidhani n'tatumia wako."

Fundi cherehani akasimamisha mashine yake ili acheke vizuri.

"Wembe hauazimwi," mzee akasema. "Ni kama mswaki. Nenda kachague wako, uniletee niuone. Mtu asojua kuchagua wembe hawezi kushika kichwa cha mtu. Ukinoa, rudi."

Basi. Akakigeukia kichwa kilichokuwa kikimngoja.

Dukani zilikuwepo nyembe mbili. Mhindi alizitandika juu ya kitambaa kama anauza pete. Mmoja mpini wake mweupe, na kwenye bapa umechorwa meli kwa rangi ya dhahabu. Wa pili mpini mweusi wa pembe, bapa tupu, herufi tu karibu na shina, na herufi zile mimi sizijui.

"Chukua huu wa meli," Mhindi akasema. "Mabwana wakubwa wote nanunua huu."

Ulikuwa unapendeza, siwezi kusema uongo. Lakini mimi nimelelewa na mama aliyekuwa hanunui chungu kwa macho. Yeye hukining'iniza chungu kwa kidole, akakigonga kwa ukucha, akakisikiliza. Chungu kizima kinalia. Chenye ufa kinakohoa. Basi nikaufungua wembe wa meli, nikaugonga kwa ukucha. Ukasema *tak*, ukanyamaza. Nikaugonga mweusi. Ukalia, ukaendelea kulia, kama mbu aliyepita sikioni akaenda zake.

Mhindi akashika kiuno. "Ee kijana! Wewe nanunua wembe au nanunua chungu?"

"Nanunua huu mweusi."

Nikapanda gari ya shamba, nikarudi kwetu na wembe kifuani, ndani ya shati.

Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na kinoo, jiwe la kunolea la baba yangu, limeingia katikati kama tandiko la punda kwa miaka ya kunoa mapanga na mundu. Mzee amesema nikinoa nirudi. Nikanoa. Siku tatu, asubuhi na jioni, kwa maji na kwa nguvu zangu zote, kama mtu anayenoa panga la kufyekea. Baba alipita akauliza, "Unataka kuchinja n'ni?" Nikamwambia naanza kazi. Siku ya nne nikaugusa kwa kidole gumba, ukanikata, nikafurahi. Nikarudi Chake Chake.

Barazani palikuwa na watu watano sita. Nikatoa salamu, nikasimama mbele ya mzee kifua mbele, nikasema kwa sauti ili wote wasikie:

"Nimenoa, mzee!"

Fundi cherehani akaangusha mkasi. Mmoja akalala kabisa kwenye baraza akipiga teke hewani. "Kaja mwenyewe kutuambia!" akasema. "Kanoa, na kapanda gari kuja kutangaza!"

Hapo ndipo neno likanigeukia. Mtoto yeyote kwetu akikosa kitendawili anaambiwa umenoa. Nalijua neno hilo tangu sijaota meno. Lakini mtu akikutajia wembe kisha akakutajia kunoa, utafikiria n'ni? Mzee alikuwa ameniambia nikikosea kuchagua, nirudi kwetu. Mimi nilikuwa nimetumia siku tatu kutimiza.

Mzee hakucheka. Akaupokea wembe, akautazama makali kwenye mwanga, akayapitisha juu ya ukucha wake polepole.

"Naona umenoa," akasema. "Kaa."

Nikakaa kitini. Akanilowesha kichwa kwa sabuni na maji, akaninyoa kwa wembe wangu mwenyewe, kichwa kizima, utosini mpaka kisogoni. Haukunyoa, ulikwaruza. Ulikuwa na meno kama msumeno. Machozi yalinitoka, damu ikashuka nyuma ya sikio, na watu wote wale wakitazama. Nilikuwa naufikiria mkarafuu, na nikasema moyoni, afadhali hapa.

Alipomaliza akanifuta kwa kitambaa. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Ndivyo angesikia mwenye kichwa." Kisha akaugonga wembe kwa ukucha, karibu na sikio lake. Ukalia. Akaugonga tena. "Nani alokuchagulia huu?"

"Mie mwenyewe. Ulikuwepo na mwengine wa dhahabu."

"Naujua ule. Mhindi keshauza nyingi. Kwa n'ni hukuuchukua?"

Nikamweleza habari ya mama na vyungu. Nilitazamia wacheke tena, hakucheka mtu. Mzee akaukunja wembe, akaufungua, akaukunja.

"Kuchagua umepata," akasema. "Kunoa, umenoa."

Sikujua nimehukumiwa vipi. "Sasa nirudi, mzee?"

"Urudi wapi?"

"Sijui. Si weye ulosema nirudi?"

Fundi cherehani akaanza upya kucheka. Mzee akautia wembe wangu kwenye kisanduku chake, pamoja na zake, akafunga.

"Rudi kesho, baada ya alfajiri. Makali haya n'tayatengeza mie. Na hicho kinoo chenu kiache huko huko Wingwi."

Nilirudi kwetu kichwa kimejaa mikato na nzi wakinifuata. Mama aliponiona akauliza nimegombana na nani. Nikamwambia nimepata kazi.

Karafuu zilipoiva mwaka ule wenzangu walipanda. Mimi nilikuwa chini, barazani, nikiwapaka watu sabuni ndevuni.