Nyundo Iliyosubiri Jeneza

Mume wangu alikuwa bwana mifugo, na pikipiki yake aliitunza kuliko alivyojitunza mwenyewe. Miaka ile ya hamsini tulikaa Iyunga, Mbeya, na mvua ikinyesha barabara ilikuwa tope tupu. Gurudumu la nyuma likaanza kuyumba. Jumamosi moja asubuhi akaamua kulifungua uani. Aliisimamisha pikipiki kwenye stendi, akatoa mnyororo, akalegeza breki, akafungua nati, akachomoa ekseli, na gurudumu likatoka. Beringi ilikuwa imekwisha. Mpya alikuwa nayo, ila haiingii mpaka igongwe kwa nyundo.

Kabla hajaigonga, kilio kikasikika nyumba ya pili. Mzee jirani yetu alikuwa amekata roho. Mume wangu akaweka nyundo chini, akanawa mikono, akaenda kukaa na wanaume.

Mtaani kwetu palikuwa na mwiko: maiti ikiwa ndani, jembe haliinuliwi shambani wala chuma hakigongwi, isipokuwa nyundo ya kupigilia jeneza. Nasi tulikuwa wageni pale. Ng'ombe wao ndio waliokuwa kazi ya mume wangu.

Alasiri dereva wa lori la mpunga kutoka Rujewa akasimama mlangoni kwetu. Mama yangu huko Rujewa yu hoi, akasema, na ananitaja mimi tu. Dereva mwenyewe alikuwa anaendelea Tukuyu, hawezi kunirudisha. Basi lilikuwa limeshapita, na lingine mpaka Jumatatu. Nikabaki nalitazama lile gurudumu lililolala juu ya gunia.

Nilimwita mume wangu kutoka msibani. Nikamwomba agonge taratibu, afunike kwa blanketi, au tulibebe tukaligongee mbali. Alisema sauti ya chuma haifunikiki, na tukionekana tumebeba gurudumu siku ya msiba hakuna atakayetuelewa.

"Kesho seremala atapigilia jeneza," akaniambia. "Tutagonga naye."

"Na mama yangu naye amsubiri seremala?"

Akarudi msibani. Nilimchukia, nasema wazi. Hata marehemu nilimchukia, ingawa kila msimu alitugawia viazi vyake.

Baridi ya Mbeya huwapa wafiwa nafasi, maiti haiharibiki upesi, kwa hiyo hawakuwa na haraka. Seremala alikuja Jumapili jua limeshapanda. Alipoanza kupigilia, mume wangu alikuwa amepiga magoti uani, beringi ameshaitegesha mahali pake. Seremala akagonga, naye akagonga. Mimi nililishikilia gurudumu huku machozi yananitoka, na walioniona kupitia uzio walidhani namlilia jirani.

Mara seremala akakatisha ili achukue msumari mwingine, na nyundo yetu ikalia peke yake. Watu wakageuka. Mjane alitutazama kidogo, kisha akainamisha kichwa. Kuinama kwake kuliniuma kuliko matusi.

Mume wangu akarudisha gurudumu, akakaza mnyororo, tukaondoka kabla ya maziko, jambo ambalo mtu mwenye adabu halifanyi. Nilimshika kiunoni kwa sababu tu ya kuogopa kuanguka. Tuliposhuka kwenye mbuga za Usangu joto likatupokea, nikavua sweta langu. Ndipo nilipokumbuka kwamba huku, kwa joto hili, maiti hailazwi, huzikwa siku ile ile.

Tulipofika tuliwakuta wanaume wanarudi kutoka makaburini, majembe begani, na wanawake wanafagia ua. Dada yangu alinipokea, akaniingiza ndani, akanikalisha kwenye mkeka kando ya kitanda kitupu. Mume wangu alibaki nje na pikipiki yake, hajui akae wapi.

"Tulimwambia uko njiani," dada alisema. "Basi akatukataza kufunga mlango, hata baridi ya alfajiri ilipoingia. Kila upepo ukiusukuma, anatuambia, 'Mpisheni mwanangu, amefika.'"