Wanaume Wanne Kando ya Mfereji

Mjukuu wangu alirudi kutoka semina ya wanaume pale parokiani, uso unamng'aa kama amepakwa mafuta. Ni mwalimu wa shule, ana mke na watoto, lakini akipata neno jipya halali nalo. Akaketi jikoni, akanieleza kwamba ndani ya kila mwanamume aliyekomaa wanaishi wanne: mfalme anayelinda watu wake, mpiganaji anayejitoa, mjuzi wa mambo yaliyofichika, na mpenzi anayehisi uchungu wa wengine. Wanaume wa leo wamepotea, akasema, kwa sababu wanne hao wamelala, na inafaa waamshwe.

Nilikuwa nachambua mchele. Nikamwambia hao wanne nawajua. Niliwaona wako macho wote siku moja, kule Luberizi, kando ya mfereji wa mpunga, na walimuua mtoto wangu wa kwanza.

Hakuwa ameisikia habari hiyo. Babu yake hakutaka itajwe nyumbani. Babu yake amekufa sasa, basi naisema.

Uhuru ulikuwa bado mbichi. Kabla waasi waliopigana na serikali hawajafika bondeni kwetu, mume wangu alikuwa kichekesho cha majirani. Alimwogesha binti yetu kwa mikono yake, akambeba mgongoni mchana kweupe. Jioni, akitoka shambani, alisimama ng'ambo ya mfereji, akafungua mikono. "Ruka, mama!" Mtoto anaruka, baba anamdaka kifuani kabla maji hayajamgusa mguu. Wanawake wenzangu walinionea wivu, waume zao wakamcheka. Mimi nilimpenda kwa ujinga wangu wote.

Kicheko kile ndicho kilichomuuma. Waasi walipopanda kutoka Uvira, alikuwa wa kwanza kupanga mstari wa kujiunga nao. Mganga wao akamchanja kifuani, akamnyunyizia maji, akampa masharti: usitazame nyuma, usishikane mikono na mtu, usimguse wa kike, mkubwa wala mdogo. Ukiyafuata, risasi itageuka maji. Ukiyavunja, umekufa. Kamanda, kijana aliyejifunga kipande cha ngozi ya chui kichwani, akawatangazia kwamba tangu siku hiyo wao ni wanaume. Mume wangu akaacha kulala nyumbani. Chakula nilikiweka chini, nikarudi nyuma, ndipo akakichukua.

Asubuhi ya kuondoka walipangwa ukingoni mwa mfereji. Mvua ilikuwa imenyesha milimani na maji yalikimbia, mekundu. Mimi nilikuwa ndani ya mpunga napalilia, tope hadi magotini, na mtoto ameketi juu ya tuta la mfereji. Akamwona baba yake amesimama ng'ambo, mahali palepale pa kila jioni. Nilimsikia akicheka. Halafu akaruka.

Baba yake akarudi nyuma.

Nilikimbia, na aliyewahi kukimbia ndani ya mpunga anajua kwamba hukimbii. Niliona kila kitu. Wanaume wazima, wenye mikono na miguu, walisimama wakimtazama mtoto wa kike anapelekwa na maji, na hakuna aliyeinama. Mume wangu alimfuata ukingoni, akimnyooshea mkuki, upande wa mpini. "Shika, mama! Shika!" Alikuwa analia, hilo silikatai. Wanasema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Basi wazazi tulikuwa wawili, na mmoja aliujua akiwa amesimama wima. Mtoto ambaye meno yake hayajamalizika kuota, ati ashike mpini wa mkuki!

Nilimtoa mimi, kwenye kalavati ya barabara ya Bukavu, alipokuwa amekwama. Alishakufa. Kamanda akapiga filimbi, mstari ukaondoka. Walikatazwa kutazama nyuma, na hawakutazama.

Wengi wao hawakurudi. Yeye alirudi bila hata mkwaruzo, akasimama mlangoni akaniambia, "Weye ona, mama. Dawa ile iko ya kweli. Kama ningemugusa mutoto, minye ningekufa na benzangu." Alisema hivyo akitegemea nishukuru. Nilimzalia watoto wengine, maana nilikuwa sina pa kwenda, lakini sikumruhusu kumbeba hata mmoja.

Ualimu ukamrudia mjukuu wangu. "Lakini nyanya, yule hakukuwa mupiganaji mwenye kukomaa. Profesa wa semina alisema mupiganaji bila mupenzi iko mutoto mwenye silaha."

Nikamwambia profesa wake amesema kweli, na akija hapa nitampikia. Lakini asidhani kwamba mpenzi alikuwa amelala siku ile. Alikuwa macho, anakimbia kando ya maji, machozi yanamtiririka. Kilichomshinda ni kuinama. Nenda uwaambie wenzako kwenye semina kwamba wanne wote wanaweza kuamka na asipatikane kati yao mwenye mkono wa kumshika mtoto.

Akaniuliza kama nilimsamehe babu.

Mwaka wake wa mwisho aliteleza bafuni, nyuma ya nyumba. Miguu ilishamwisha nguvu. Akaninyooshea mkono: "Mama, unishike." Nikaingia jikoni, nikatoka na mchi. Nikasimama mbali, nikamnyooshea. "Shika, baba," nikamwambia. "Shika."

Aliutazama mchi ule kwa muda mrefu, na nikajua ameelewa. Akaushika kwa mikono miwili, ikateleza, akashika tena, akaanza kulia. Sikumwonea huruma hata kidogo. Nilikuwa na nguvu za kumwinua, maana nimebeba magunia ya mpunga maisha yangu yote. Nikaushikilia mchi upande wangu, nikamtazama, mpaka majirani waliposikia wakaja kumtoa.